Swali Ambalo Kikosi Hakikuuliza

Lassow, Machi 9, 1768

Theluji inaoza uani. Nimefua vitambaa vya Kapteni na nepi za Tine, nikavianika pamoja juu ya jiko maana nje hakukauki kitu. Krischan, mtumishi wa Kapteni, aliingia na kuni, akavitazama, akasema, "Mama Tine, angalia usivichanganye. Siku moja Bwana Kapteni atapanda farasi na nepi." Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii. Tine ana miezi saba na usingizi hana.

Naandika kwa sababu mjini humu hakuna wa kumwambia. Wote wananijua kama mjane Lüdke, mtunza nyumba wa Kapteni von Dargenow. Mimi si mjane. Mume wangu ni Luteni Achatz von Gramsdorf, anayekuja hapa kila asubuhi kupokea amri, ananiita "Bibi Lüdke," na kunisalimu kwa ncha ya kofia. Tulifunga ndoa ng'ambo ya mpaka, upande wa Poland, mbele ya mchungaji mmoja mzee aliyekuwa na haraka ya kwenda kuchinja nguruwe wake. Mfalme hataki maluteni wa jeshi la farasi wepesi waoe. Husema mwenye mke, akiwa vitani, hufikiria kurudi. Anayeoa bila ruhusa huvuliwa koti la jeshi. Lakini kapteni mwenye kikosi chake akiomba, mara nyingi hukubaliwa.

Achatz ndiye anayefuata kupewa kikosi hiki. Kinachosubiriwa ni Kapteni ashuke kwenye farasi asipande tena. Na anayempandisha ni mimi.

Machi 10

Kila asubuhi ni hivi. Kapteni anakaa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda. Imejaa maji, imevimba kama mikate iliyoumuka; ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Naifunga vitambaa: naanza kwenye vidole napanda hadi chini ya goti, navuta, nazungusha, navuta. Nikilegeza, buti haliingii. Nikikaza mno, anazimia.

"Kaza, binti. Mimi si keki."

"Nikikaza zaidi utapiga kelele, Bwana Kapteni."

"Nimepigwa risasi mara mbili na sikupiga kelele."

"Hukupigwa risasi kwenye kidole gumba."

Akacheka hadi akakohoa. Aliingia rejimenti mvulana, sasa hana jino la juu hata moja. Nyumba ya baba yake ilichomwa na Warusi, ndugu hana. Mwezi wa Juni Jenerali mkaguzi atakuja, na kapteni asiyeweza kuongoza kikosi chake mbele ya mkaguzi hushukuriwa na kurudishwa nyumbani. "Nyumbani wapi?" anauliza, kila siku, kama vile mimi ndiye nitakayempeleka.

Machi 16

Mvua ya mawe. Tine anaota jino.

Machi 27

Achatz alipenya jikoni Kapteni akiwa amelala. Akamnyanyua Tine hadi karibu na boriti, akamfanya farasi, akamfanya tarumbeta. Nilisimama nikamwangalia tu. Sikio lake la kushoto lina kovu la panga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu mjomba wake alipomleta kwa Kapteni, mfupi hata hakufika kwenye kikuku cha tandiko. Kapteni akamwinua kwa kola na kumkalisha juu. Miaka saba ya vita akapanda nyuma ya mgongo huo mmoja. Vita vikaisha, na tangu hapo ni luteni yule yule, ngazi ile ile.

Mara tukasikia hatua za Kapteni ukumbini. Achatz akamweka Tine ndani ya kikapu cha kabichi na kusimama wima kando yake.

"Naona unakagua jikoni, Luteni," alisema Kapteni.

"Ndiyo, Bwana Kapteni. Supu."

"Na kabichi?"

"Na kabichi, Bwana Kapteni."

Tine akapiga chafya. Kapteni akatazama dari kwa muda, kisha akasema, "Kabichi za mwaka huu zina mafua," akaondoka zake. Tulicheka hadi machozi. Jioni nilipokuwa naosha sufuria kicheko kilikuwa kimekwisha. Niliona tu jinsi mikono ya Achatz ilivyomwachia mtoto upesi.

Aprili 3, Pasaka

Kanisani nilikaa nyuma karibu na mlango pamoja na wajakazi. Benchi la wake za maofisa lilikuwa tupu.

Aprili 17

Sijaandika kwa kuwa Tine alikuwa anakufa.

Ilianza Alhamisi na kikohozi kile cha kubweka. Ijumaa shingo ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta pumzi. Daktari wa rejimenti, ambaye kazi yake hasa ni kung'oa meno na kukata miguu, alimtazama, akampaka mafuta ya bata bukini kifuani, akaniambia niombe. Kapteni alinipa chumba chake chenye jiko kubwa, akalala ukumbini kwenye kiti. Asubuhi ya Jumamosi alijifunga miguu mwenyewe, vibaya, akaenda mazoezini hivyo hivyo.

Nilikaa na sufuria ya maji ya moto na shuka juu ya vichwa vyetu, mimi na yeye, kama tuko ndani ya hema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika.

Adhuhuri Krischan alimleta mchungaji. Achatz naye alikuwa amefika kutoa taarifa ya mazoezi, na kwa vile Kapteni alikuwa ukumbini, alikuwa na haki ya kuwepo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mchungaji akasoma sala, akamgusa Tine paji la uso. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Bibi, Mungu akimchukua, tutamzika Jumatatu. Ernestine, mtoto wa nani? Jina la marehemu baba yake sinalo."

Marehemu baba yake alikuwa hatua mbili nyuma yake.

Nilimtazama Achatz. Alikuwa mweupe kama chokaa, machozi yanamtoka, yanashuka hadi kwenye masharubu. Nasema haya ili niwe wa haki: alilia. Mdomo wake ulifunguka. Kapteni naye aligeuza kichwa akamtazama, na Krischan pia, na kwa muda huo mtoto peke yake ndiye aliyekuwa anavuta pumzi humo ndani.

Kisha Achatz akafunga mdomo.

"Lüdke," nikasema. "Andika Lüdke."

Mchungaji alipoondoka, Achatz naye akaondoka, maana farasi walikuwa wanasubiri. Jioni kitu kilipasuka kooni mwa Tine, akatapika ute mzito, akalia kilio cha kweli. Leo amenyonya mara tatu. Yuko hai. Lakini lile jina nililitamka mimi.

Aprili 18

Amecheka.

Aprili 26

Krischan alikuwa anamenya turnipu pamoja nami, akasema bila kuinua macho, "Luteni anakonda."

"Muulize mwenyewe kwa nini."

"Aa, Mama Tine. Kuulizana huku hakufai."

Nikaweka kisu chini. "Krischan, unajua?"

"Mimi? Hata farasi wanajua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Luteni alipoanza kupiga mluzi. Basi kwa nini hakuna aliyesema, hata Kapteni, anayekula chakula cha mkono wangu kila siku? Akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto moto ni nini. Uvumi si kitu, uvumi rejimenti nzima inaoga ndani yake. Lakini mkubwa wa kikosi akimuuliza ofisa wake jambo kwa heshima yake, ofisa hawezi kukataa kujibu, wala hawezi kusema uongo. Akidanganya, si mtu tena. Hata wenzake hawatakula naye. Akisema kweli, Kapteni lazima apeleke habari juu. Kwa hiyo hakuna anayeuliza. "Kikosi cha pili aliulizwa mmoja," alisema. "Na mkubwa mgeni, asiyejua desturi. Alimuuliza mezani, kama mzaha tu. Kabla nyama haijapoa, yule luteni hakuwa luteni."

"Akawa nani?"

"Akawa mume wa mtu," alisema Krischan, akatupa turnipu sufuriani. "Asiye na koti la Mfalme, Mfalme ana habari gani na kitanda chake?"

Sikulala vizuri, na safari hii si kwa sababu ya Tine.

Mei 4

Mazoezi kila siku. Vumbi hadi ndani ya siagi.

Mei 9

Vumbi. Kapteni alianguka akiteremka kwenye farasi. Krischan alimshika, wakajifanya wanacheza.

Mei 15

Lazima niandike hili lilivyokuwa, nisije baadaye nikalilainisha.

Nilikuwa mtoni nasuuza vitambaa. Achatz akaja kumnywesha farasi wake jike, Distel, ingawa wako watu wa kumnywesha. Hapakuwa na mtu karibu. Akachuchumaa, akanishika mkono uliokuwa baridi kwa maji, akasema amefikiri sana tangu ile siku ya mchungaji, na hataki kuona siku nyingine kama ile.

"Nami sitaki," nikasema.

"Basi nisikilize, Dora. Ukaguzi ni tarehe nne Juni. Mzee hawezi tena. Kila mtu anaona. Anakaa pale juu kwa sababu ya mikono yako tu."

"Ndiyo."

"Siku hiyo funga kidogo tu... usikaze. Buti litaingia kwa shida, atapanda, atafika kwenye mstari. Wakianza kukimbia, miguu itamlegea, atashuka mwenyewe. Jenerali ataona. Hakuna atakayelaumiwa."

Nikamuuliza kama anajua kinachompata mtu anayeshuka mwenyewe mbele ya farasi mia na hamsini wanaokimbia goti kwa goti.

"Watampisha," akasema. "Farasi hawapendi kukanyaga watu."

"Wewe umewahi kuwaona wakipisha?"

Akamgeukia Distel. Alipigana miaka saba. Ameona.

"Yeye ndiye aliyekuinua kwa kola," nikasema.

"Na wewe ndiye mke wangu! Na yule ni mtoto wangu! Unataka nifanye nini, nimsubiri hadi Tine aote meno ya mwisho? Ninafanya haya kwa ajili yenu."

"Kwa ajili yetu ungefungua mdomo Aprili. Hii ni kwa ajili ya kikosi."

Nilikamua kitambaa hadi vidole vikaniuma. Nampenda mtu huyu. Nilimpenda siku alipokuja shuleni kwa baba kuomba maji, na akaifuta sakafu baada ya buti zake. Bado ndiye yule. Nadhani amekaa kwenye foleni ya kungoja mwingine afe muda mrefu mno, na mtu wa foleni mwishowe humsukuma aliye mbele.

"Nitakaza," nikamwambia. "Nitakaza kuliko siku zote."

Akaondoka na Distel hajanywa.

Mei 22, Pentekoste

Kanisa, mbaazi, jua. Hatukuangaliana.

Juni 4

Nilianza kumfunga Kapteni kabla jogoo hajawika mara ya pili. Niliweka tabaka mbili na ngozi laini katikati. Hakutania. Alipokuwa tayari alinishika bega na kusema, "Nikianguka leo, si kosa lako." Nikamwambia, "Hutaanguka." Na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nadhani ningemshikilia huko juu kwa hasira peke yake.

Mji mzima ulitoka hadi kwenye malisho. Nilisimama juu ya gari la nyasi na Tine mgongoni. Kwanza farasi walikuja kwa mwendo wa kutembea, halafu mbio ndogo, halafu tarumbeta ikalia na ardhi ikaanza kutetemeka. Mstari mmoja, makoti ya buluu, na mbele yake mzee mmoja mwenye masharubu meupe, panga hewani. Nyuma yake hatua chache, Achatz. Nikawa namtazama Achatz tu. Nilitaka nijue anatazama nini. Alikuwa anatazama miguu ya Kapteni.

Mzee hakuanguka. Alisimamisha kikosi mbele ya Jenerali kwa wepesi, kama mtu anavyoweka kijiko mezani. Watu wakapiga mayowe. Jenerali akasema kikosi cha Lassow ndicho bora, na Kapteni von Dargenow ana afya ya kijana, na anatumaini kumwona mwakani.

Mwakani.

Nilipomfungua, damu ilikuwa imetoka vidoleni. Alikuwa anaimba.

Juni 5

Leo nimesema. Alikuwa kitini, miguu ndani ya beseni.

"Bwana Kapteni, nina ombi."

"Leo niombe chochote ila meno."

"Muulize Luteni von Gramsdorf kama ana mke."

Maji ya beseni yakatulia. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namheshimu.

"Nimekula supu yako mwaka mzima bila kuuliza," alisema. "Ulidhani nini, binti? Kwamba mimi kipofu?"

"Nilidhani ni wema."

"Ni woga. Nimemlea. Ndiye mtu pekee nitakayemwachia kikosi. Unajua nikimuuliza itakuwaje?"

"Najua."

"Basi subiri. Nitazame. Mwaka mmoja, nitakuwa nimekufa, naye atapata vyote viwili, wewe na farasi."

"Mwaka jana pia ulikuwa unakufa, Bwana Kapteni."

Akafunga macho. Nikamwambia siwezi tena. Nafunga miguu yake asubuhi, na jioni naomba asiamke, na mikono ni hii hii. Nikamwambia kwamba kuna wengine ambao kungoja kunawafanyia mabaya zaidi kuliko mimi, na sikutaja mtu. Nadhani alielewa, maana alivuta miguu yake chini ya kiti kama mtoto.

"Akisema hapana?" aliuliza.

"Nitajua nina nini."

Mchana nilimfuata Achatz zizini, nikamwambia kesho ataulizwa. Sikutaka kumvizia. Alinishika mikono yote miwili kwa nguvu. "Dora, unanivua ngozi. Mimi sijui kazi nyingine. Sijui hata kupanda mbaazi."

"Mimi najua."

"Nitasema hapana."

"Sema utakalosema. Mimi nitakuwepo, na Tine."

Juni 6

Baada ya amri za asubuhi, kikosi kilikuwa uani kwenye mstari, kila mtu kando ya farasi wake. Nilitoka na kusimama kwenye ngazi za jikoni na Tine mkononi. Kapteni alitoka kwa fimbo. Nilikuwa nimemfunga kama kawaida.

"Luteni von Gramsdorf. Kwa heshima yako kama ofisa. Una mke?"

Sijawahi kusikia farasi wengi hivyo wakinyamaza. Achatz hakunitazama. Aliweka kiganja shingoni mwa Distel.

"Ndiyo, Bwana Kapteni."

"Bado sijauliza!" alisema Kapteni upesi, sauti imempasuka. "Nilikuwa nakohoa. Sasa ndipo nauliza. Fikiri, kijana. Luteni von Gramsdorf, una mke?"

Mstari mzima ulikuwa unatazama ardhi. Watu wazima mia na hamsini wakitafuta kitu kwenye tope. Yule mzee alikuwa amemfungulia mlango tena, mbele ya wote, na wote wangeapa kwamba ni kikohozi.

"Ndiyo," alisema Achatz, kwa sauti kubwa zaidi. "Ni yule pale. Na yule ni binti yangu."

Halafu akafungua mkanda wa panga. Kifungo kikagoma, na Krischan ndiye aliyekwenda kumsaidia.

Juni 16

Barua imekuja kutoka juu. Achatz ameondolewa jeshini, bila shukrani. Tunaondoka kesho kwenda kwa baba. Nilimfundisha Krischan kufunga miguu. Vidole vyake ni vizito kama visigino. "Hivi?" anauliza. "Hapana, Krischan. Vuta, halafu zungusha." Kapteni alikuwa anatazama dirishani.

Juni 19, kwa baba

Mchungaji wa hapa amesoma kanisani: Ernestine von Gramsdorf, binti wa Achatz von Gramsdorf na mkewe Dorothea. Nilikuwa nimekaa mbele. Achatz alikuwa kando yangu katika koti la baba, linalombana mabegani. Hajaniambia neno tangu tuondoke, ila "shika" na "asante".

Julai 2

Mvua. Amepalilia mstari mmoja wa mbaazi na kung'oa mbaazi zote.

Julai 8

Mchuuzi wa samaki amepita kutoka Lassow. Kapteni von Dargenow amefariki Jumatatu. Hakupanda farasi hata mara moja baada ya sisi kuondoka, buti hazikuingia. Maji yalipanda hadi moyoni. Krischan alikuwa anamfunga na kumfungua na kulia. Kikosi amepewa luteni wa pili, na tayari ameomba ruhusa ya kuoa, na inasemekana atapewa.

Achatz alikuwa amesimama na samaki mkononi. Alimshukuru mchuuzi. Alimweka samaki mezani taratibu, akatoka, akaanza kupasua kuni, na akapasua hadi giza, kuni za majira mawili ya baridi. Mimi nilikaa na Tine nikamlilia yule mzee. Nilihesabu majuma tangu nilipoomba lile ombi, nikaacha kuhesabu.

Aliporudi ndani viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Akanawa. Akakaa. Baba akatoka chumbani bila kuambiwa. Nilisubiri aseme. Nilijua atakachosema: laiti tungesubiri kidogo tu.

Alikula nusu bakuli. Kisha akasema, neno la kwanza refu tangu Juni, "Kama ungebaki, angekuwa hai."

"Ndiyo," nikasema.

"Angeishi mwaka mzima. Miwili. Kwa mikono yako angeishi."

"Ndiyo, Achatz."

Akaendelea kula. Sijui kama alikuwa ananifariji au ananihukumu, na sikumuuliza. Nilichukua bakuli lake nikamwongezea mbaazi.